Samaki Niliyemwandikia Sifuri

Huku kwetu Kalemie habari za sayansi husomwa redioni kati ya matangazo ya vifo na matokeo ya mpira. Ndivyo nilivyosikia, nikiwa kwa kinyozi na nusu ya kichwa imekwisha kunyolewa, kwamba samaki mdogo wa mawe ametoweka upande wetu wa ziwa. Mtangazaji alisoma haraka haraka, akakwama kwenye jina la Kilatini, akaliruka. Akasema watafiti wamegundua kwamba maji ya juu ya ziwa yanazidi kupata joto, hayachanganyiki tena vizuri na maji ya chini yenye rutuba, na samaki huyo ni miongoni mwa walioshindwa kuvumilia. Kinyozi akasema, "Ziwa linazeeka, Papa," akaendelea na kazi yake. Lakini samaki huyo mimi nilikuwa nimemla jana yake.

Na afadhali ingekuwa hilo tu. Ushahidi kwamba hayupo niliutoa mimi, kwa mkono wangu.

Ninafundisha biolojia katika shule ya sekondari, na maabara yangu ni ubao na chaki. Watafiti walipokuja kutafuta watu wa kuandika samaki wanaovuliwa, nilikimbilia kazi ile kwa furaha. Hatimaye sayansi yenyewe, si michoro! Nilipewa mizani, fomu na sehemu tano za kutembelea kila wiki. Sehemu nne zilikuwa fukwe za kawaida, mitumbwi inafika asubuhi na dagaa tunaowaita ndakala na samaki wa mikebuka, napima, naandika. Ya tano haikuwa ufuko. Ilikuwa kipande cha pwani chenye mawe makubwa, kusini mwa mji, upande wa kwenda Mpala. Pale walivua wanawake, kwa ndoana, samaki wa kutia chunguni nyumbani. Kazi ile wanaume hawaiiti uvuvi. Na mkubwa wa wanawake wale alikuwa mama mzazi wa mke wangu, ambaye sahani zake za samaki zilifika hadi kwangu kupitia binti yake.

Kwa asiyejua mambo yetu, nieleze. Mwanaume wa kwetu hamtazami mama mkwe usoni. Hali chakula mbele yake. Akimwona njiani anampisha, na kama ana neno la kumwambia, mke ndiye anayelipeleka na kurudisha jibu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa katika ndoa, na sikuwahi kuzungumza na yule mama ana kwa ana. Sasa niende nimwambie afunue beseni lake nihesabu samaki wake wa mboga? Ningekuwa kama nimeingia chumbani kwake bila kubisha hodi.

Basi kila wiki nilisimamisha baiskeli kwenye kona, mbali, nikapiga makofi ya salamu. Yeye aliitikia amenipa mgongo, nami nikageuza baiskeli. Mwezi wa kwanza niliacha mstari wa mawe ukiwa mtupu kwenye fomu. Msimamizi wetu, mtafiti mgeni, mtu mpole aliyesema Kifaransa taratibu ili tumwelewe, alinirudishia zile karatasi. Akasema hapokei nafasi tupu. Ama kuna samaki, ama kuna sifuri.

Ningeweza kumweleza pale pale. Maneno nilikuwa nayo, na Kifaransa changu hakina kasoro. Lakini niliona haya kumwambia mtu mwenye udaktari kwamba kazi imenishinda kwa sababu ya mama mkwe. Angenicheka, au mbaya zaidi angeandika kitabu juu ya mila zetu. Nikaandika sifuri. Nikaiandika wiki hadi wiki, mwaka hadi mwaka, kwa mwandiko mzuri, na nilisifiwa mbele ya wenzangu kwa usafi wa fomu zangu.

Nilijifariji kwamba wanachotafuta ni samaki wa biashara, nani ana haja na kile kisamaki cha mawe? Kumbe ndicho walichokuwa wanakitafuta hasa. Samaki wa aina ile huishi kwenye mawe tu, hawezi kuvuka mchanga kwenda kuishi kwingine, kwa hiyo kila kipande cha mawe kina samaki wake. Hayo nilikuja kuyasoma baadaye, kwenye ripoti.

Walipiga mbizi, siwasingizii. Walikuja siku mbili, mvua imetoka kunyesha, mito imemwaga tope, na hawakuona hata mikono yao wenyewe. Wakarudi kwenye fomu zangu. Lakini nina hasira nao pia, na sitaificha. Walisimama hatua kumi kutoka kwa yule mama, na hakuna hata mmoja aliyeona haja ya kumuuliza anapika nini. Walimpiga picha. Picha hiyo iko kwenye jalada la ripoti inayosema samaki wake hayupo.

Ripoti yenyewe hapa mjini hakuna aliyeisoma. Ilikuwa ya Kifaransa na nzito. Kilichotufikia ni yale maneno machache ya redio, kisha ujumbe wa simu wenye picha ya samaki ambaye hata si wa ziwa letu. Pasta mmoja alihubiri kwamba ni dalili ya siku za mwisho. Mfanyabiashara aliyetoka Kigoma alisema na kule wamesikia. Mimi nilisoma jedwali la nyuma, ambako sifuri zangu zilikuwa zimepangwa vizuri kutoka juu hadi chini.

Nyumbani mke wangu alicheka hadi akashika ubavu. Akampelekea mama yake habari, akarudi na jibu: "Mama anasema, kama samaki ya redio ilikufa, yetu ingali muzima." Nami nikacheka. Nikikumbuka kicheko kile najisikia vibaya hadi leo.

Haikupita hata miezi miwili, yakaja malori. Kumbe tangu mwanzo wa utafiti, ile pwani ilikuwa kwenye orodha ya sehemu zisizoguswa, kwa ajili ya yule samaki. Samaki akishakuwa hayupo, sababu nayo haipo. Mkandarasi mmoja alihitaji mawe ya kujengea ukuta, akapewa ruhusa. Karani wa ofisi iliyotoa ruhusa alinionyesha barua yenye muhuri, na ndani yake ile ripoti imetajwa. "Papa, hii si maneno ya siasa," akaniambia kwa fahari. "Hii njo siyansi yenyewe." Walianza na mawe ya nchi kavu, kisha wakaingia ndani ya maji, pale yanapofika kiunoni, pale samaki anapojificha na kutaga.

Siku ile ile nilimwandikia msimamizi. Umeme unaotoka Bendera ulikuwa umekatika, nikachaji simu kwenye sola ya jirani, nikamwambia kila kitu isipokuwa habari za mama mkwe. Nilisema tu kwamba nilikosea. Alijibu haraka, lazima nikiri. Alisikitika, lakini hawezi kuipinga ripoti kwa barua tupu. Alitaka samaki mmoja, mzima, mbichi, asiyeparuliwa magamba wala kutolewa matumbo, ndani ya pombe kali. Nikimpelekea, yeye mwenyewe ataandika kwenye ile ofisi ili kazi isimamishwe.

Kwa hiyo mawe yote yale, na kila kilichoishi chini yake, vilitegemea samaki mmoja mbichi, kabla malori hayajamaliza.

Nikamwambia mke wangu: mwambie mama nahitaji samaki wa mawe, haraka. Kesho yake ikaja sahani imefunikwa. Samaki watatu, wamekaangwa kisha wakachemshwa kwenye mawese na nyanya na kitunguu, na ugali unatoa moshi pembeni. Nilitazama chakula kile kizuri nikataka kulia. Mama mkwe wa kwetu hawezi kumpelekea mkwe wake kitu kibichi. Ni kumwambia kwamba hana thamani, na kwamba binti aliyempa hakufundwa.

"Mwambie mbichi," nikasema.

Mke wangu akanikodolea macho. "Niende niambie mama kama mukwe wake anataka samaki mbichi, sawa paka?"

Alikwenda, lakini alilizungusha lile neno kwa adabu mpaka likapotea. Baada ya siku tano ikaja sahani nyingine, safari hii na pilipili nyingi. Mama alikuwa ameelewa kwamba mapishi ya kwanza hayakunipendeza. Nikajaribu kwa wanawake wengine wa pale mawe, na wote walikuwa ndugu zake au rafiki zake. Wakanijibu kwa heshima, "Papa, uombe kwa mama yako." Nikachukua ndoana mwenyewe, nikasimama katikati ya wavunja mawe, mwalimu mzima wa biolojia, nikaambulia kunasa miguu ya suruali yangu. Nilirudi nyumbani nikamfokea mke wangu kwa kosa lililokuwa langu. Tulinuniana siku tatu, na malori yakaendelea kupita.

Mwishowe mke wangu alimwambia mama yake neno lenyewe bila kulifunika. Aliniambia mama aliinuka akaingia ndani. Wiki nzima ikapita bila sahani. Kisha asubuhi moja jirani yangu akaniita kwenye ua. Kulikuwa na samaki mmoja, mbichi, amefungwa kwenye jani la mgomba. Mama mkwe alikuwa amemwacha kwa jirani ili isije ikasemwa kwamba yeye ndiye aliyenipa.

Pombe ya maabara sikuwa nayo. Nikamtia kwenye chupa ya lutuku, pombe yetu ya kienyeji, kali vya kutosha kuhifadhi hata mtu, nikampa msafiri wa ndege ampelekee msimamizi. Samaki alifika. Wakampima, wakamkagua magamba na meno, wakakubali kwamba ni yeye. Barua ya kusimamisha kazi nayo ikafika Kalemie, na muhuri wake. Kazi ilikuwa imeshasimama yenyewe, maana mawe yalikuwa yamekwisha. Kilichobaki ni mchanga na vifusi, na maji mekundu kwa udongo.

Ndipo redio ikatangaza tena, kwa sauti ile ile, kwamba samaki aliyedhaniwa kutoweka amegunduliwa Kalemie. Ugunduzi mkubwa, alisema mtangazaji, unaoleta matumaini kwa ziwa zima. Habari ilizunguka zaidi kwenye simu kuliko ile ya kwanza. Pasta alishukuru kanisani. Prefe, mkuu wa shule yetu, aliniita mbele ya wanafunzi nikapigiwa makofi, nikatabasamu, nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Nilistahili kupigwa, si kupigiwa makofi.

Maana tangu yule wa kwenye chupa, hakuna mwanamke aliyevua mwingine. Walijaribu miezi miwili, kisha wakaacha mmoja mmoja, wengine wakaenda sokoni kuuza sombe, majani ya muhogo. Joto la ziwa ni kweli, silikatai, vipimo vyake nimeviona na nawafundisha wanafunzi wangu. Labda lingemmaliza siku moja. Lakini huyu hakuuawa na joto, na hilo hakuna redio itakayolisoma, kwa kuwa mwenye ushahidi ni mimi, na mimi ndiye shujaa.

Nikaamua nikamwambie mama mkwe kwa kinywa changu. Mke wangu alinikataza, kisha akanitangulia njiani. Tulimkuta uani anachambua maharage. Nikakaa chini kabisa, macho kwenye udongo, nikasema yote: kona ya barabara, fomu, nafasi tupu, sifuri. Nikasema sikutaka kumvunjia heshima kwa kuchungulia mboga yake, na kwamba niliona haya kulisema hilo mbele ya wageni. Mke wangu akaanza kuyarudia maneno yangu kwa mama yake, kama tulivyozoea. Mama akamnyamazisha kwa mkono.

Nilihisi ananitazama, nikainua uso. Ndiyo mara ya kwanza nilipojua kwamba mke wangu macho ameyarithi kwake. Nilitaka anitukane. Ningeshukuru.

"Papa," akasema, polepole, "bale batu ba redio, miye sina neno nabo. Batapata samaki ingine, batafurahi. Lakini weye njo mukwe wangu. Ukikuja kwangu na batoto, sasa nitakupikia nini?"