Penseli ya Jemadari

"Hakuna askari mstaafu wa vita vile ambaye hajanipa siri yake, na hakuna siri hata moja iliyowahi kunitoka!" Hivyo ndivyo baba yangu mdogo alivyotamba mbele ya ukumbi mzima, siku redio yake ilipompa ngao ya utumishi. Watu wakapiga makofi. Mama mdogo, mke wake, akamwinamia jirani yake wa kiti: "Huyo? Jana tu kamtajia dada yake bei ya gauni langu."

Lakini kwa mambo ya vita alisema kweli. Walimwita Jemadari, ingawa sare pekee aliyowahi kuvaa ni ya shule. Jeshi lilimkataa kwa ajili ya jicho bovu, akaenda kusoma historia, akaandika vitabu viwili vinene ambavyo wasomaji wake waaminifu walikuwa maprofesa na mchwa. Redio ndiyo iliyompa jina. Kila Jumapili asubuhi, baada ya taarifa ya habari, aliwaleta wazee wakasimulia vita vyao kwa midomo yao wenyewe, na watu majumbani wakasahau pasi juu ya shati.

Hakuwa mtu wa kumvamia mzee kwa maswali. Alimfuata nyumbani, akakalia kiti chochote alichopewa, hata kama ni cha miguu mitatu na nusu, akaanza na viatu: "Vilikubana?" Hakuna askari asiye na neno juu ya viatu. Viatu vinampeleka mzee kwenye matope, matope yanampeleka mtoni, na mtoni ndipo watu walipofia. Mzee akisema, "Hili lisitoke," Jemadari hakuzima mashine. Aliona ni dhambi kuizimia historia. Aligonga meza kwa penseli mara mbili, ko ko, kanda ikaendelea kuzunguka. Studio nzima ilijua maana yake: kuanzia hapo hadi ko ko nyingine, hakuna kinachokwenda hewani mpaka mwenyewe awe amekufa na watoto wake wameridhia.

Studio nzima, kwa kweli, ilikuwa mtu mmoja: fundi mitambo tuliyemwita Waya, kwa wembamba wake. Ndiye aliyemsimamia Jemadari harusi, kisha akamwoa dada yake. Wawili hawa walikula sahani moja miaka yote. Ukimtafuta mmoja, unamuuliza mwenzake.

Katika wazee wote, Jemadari alimpenda Koplo wa mtaa wa pili. Koplo alikuwa na nishani: eti alilishika daraja peke yake hadi kikosi kizima kikavuka, baada ya rafiki yake kuuawa pembeni yake. Mjane wa rafiki huyo alikaa jirani, na Koplo ndiye aliyemzibia paa na kumpakia ukuta rangi.

Yaliyofuata ko ko kwenye kanda ya Koplo leo yanajulikana na kila mwenye masikio, ndiyo maana nayaandika. Koplo hakushika daraja lolote. Alikuwa chini ya lori, kaziba masikio, suruali imelowa. Aliyeshika daraja ni rafiki yake. Milio ilipokoma Koplo akatambaa, akamkuta mwenzake amekwisha, akaishika ile bunduki ingali ya moto, na ofisa akamkuta nayo.

"Mjane wake nitamwambia mwenyewe," Koplo alisema kwenye kanda. "Nipe muda tu. Asilisikie kwa mtu."

"Koplo, hili liko kwangu," Jemadari akajibu.

Jemadari alipostaafu, redio ilipata wakubwa wapya, na Waya akawa mkuu wa vipindi, tai shingoni mahali pa waya. Akaja nyumbani, akala, akafuta mdomo. "Shemeji, hizo kanda zinaota ukungu humu ndani. Nipe nizitie kwenye kompyuta, zisije zikafa."

Jemadari alizibeba mwenyewe, kwenye kikapu cha sokoni cha mama mdogo. Akashukuru, tena kwa mikono miwili.

Waya hakusikiliza kanda nzima. Ya nini? Kwenye kompyuta sauti ya mtu inachorwa kama vilima, na penseli inatokea kama miiba miwili. Alikuwa anatazama tu kioo, akiona miiba anakata kipande kilichofuata, anakiweka. Alama ya kuwafichia wazee ndiyo ilimwonyesha mwizi mlango, na aliyeichora ni Jemadari mwenyewe.

Jumapili moja Jemadari alikuwa ananyoa ndevu. Jikoni, redio ikatangaza kipindi kipya, *Yasiyosemwa*.

"We baba," mama mdogo akaita, "si wewe huyo?"

Ni yeye. Walirusha lori, suruali, bunduki ya moto, kila kitu. Hata ile "Koplo, hili liko kwangu" hawakuikata. Likafuata tangazo la sabuni ya unga.

Jemadari alitoka na povu shavu moja. Alimkuta Koplo kwenye kizingiti cha nyumba yake, mtaa wa pili, amekaa kama mzigo uliosahauliwa.

"Koplo, haki ya nani, sijui hata—"

"Sauti ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Basi." Koplo akaonyesha ukuta kwa kidevu. "Unaona ngazi ile? Niliiacha kwa mjane, paa lilikuwa halijaisha. Kaileta mwenyewe, mama mtu mzima, kaibeba peke yake. Hakupiga hodi." Akaingia ndani, na kitasa kikazungushwa.

Kesho yake Jemadari aliingia kwa Waya bila kugonga.

"Umeniua, shemeji."

"Punguza sauti. Kanda ni mali ya redio, soma mkataba wako."

"Na neno nililompa yule mzee ni mali ya nani?"

"Neno halina namba ya kumbukumbu." Waya akamvutia kiti. "Kaa basi. Njoo ukiongoze mwenyewe hicho kipindi. Watu wanaitaka sauti yako."

"Nataka dakika moja hewani niseme si mimi niliyetoa."

"Ndani ya kipindi, sawa."

Hakukaa. Tangu hapo wazee wakimwona anakuja wanakumbuka dawa walizosahau nyumbani. Alipozikwa sajini mmoja aliyemhoji mara tatu, benchi alilokalia lilibaki na yeye peke yake, kama mwenye ndui. Dada yake Jemadari, mke wa Waya, bado anapiga simu. Anapokea mama mdogo.

Jemadari aliomba kitu kimoja tu: kipindi cha Koplo kiondolewe kwenye tovuti ya redio. Waya akamjibu kwa ujumbe wa simu kwamba haiwezekani, ndicho kinachoongoza, ila ndugu wa familia watasikiliza bure. Wengine wote ni shilingi mia tano.