Punje Kumi na Nane za Nekesa

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyosimama nyuma ya nyumba ya wakwe zangu kule Kibabii, suti mpya imelowa jasho, nikibishana na ukuta. Ilikuwa siku ya harusi yangu. Usicheke bado.

Nilikuwa karani wa mahindi Kitale, kijana wa kujiona. Gauni la bibi harusi hununuliwa na upande wa bwana, basi nikalinunua, nikalifungia ndani ya sanduku lenye kufuli la namba nne. Namba sikumwambia mtu. Niliona siri ya sanduku ni ya mwanamume, niitoe mwenyewe siku hiyo kwa maringo. Siku ilipofika nikakumbuka tarakimu tu: mbili, nne, saba, tisa. Mpangilio wake ulikuwa umenitoka kabisa.

Sanduku lilikuwa ndani na wanawake, nami kwa mila yetu siingii nyumba ya mama mkwe. Shoka mama mkwe alilikataa, nyumba haianzwi kwa kuvunja, alisema. Na padre alikuwa na misa nyingine Mabanga, saa nne angeondoka, harusi au hakuna harusi. Kengele ya kwanza ilikuwa imeshalia.

Nikapaza sauti tena na tena. "Jaribu saba nne mbili tisa! Mbili saba nne tisa! Tisa iko mwisho, naapa!"

"Hiyo ya kwanza umesema mara tatu," Nekesa akajibu kutoka ndani. Mchumba wangu alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, hana papara. "Wacha kubahatisha, bana. Mbili ikikaa mbele, hizo tatu zingine zinapangwa mara sita tu. Nne ikikaa mbele, sita. Saba, sita. Tisa, sita. Si ni ishirini na nne tu?"

"Na padre?"

"Ishirini na nne iko na mwisho. Kelele yako haina."

Nikatega sikio ukutani. Nilimsikia akitaja kila mpango kwa zamu, na kwa kila uliokataa akiweka punje ya mahindi sakafuni. Punje kumi na nane. Kisha akaweka mbele ile tisa niliyoiapia: tisa, mbili, nne, saba. Kufuli likafunguka, wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nililia, mwanangu, kwa aibu na mapenzi pamoja.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Taabu ikikujia usiirukie huku na huku. Ihesabu kwanza, uone ina mwisho, kisha uianze upande mmoja. Na mwenzako usimfiche namba ya sanduku lenu.

Siku hizi kumbukumbu yangu imechakaa. Juzi nilisahau jina la mjukuu wetu. Nekesa hakunicheka. Alikaa karibu nami, akawataja wajukuu mmoja mmoja kuanzia mkubwa, hadi nikalifikia jina lile. Mungu akujalie mtu wa kukuhesabia hivyo uzeeni, nawe uwe mtu huyo kwake.