Kitambaa Chekundu cha Mlangoni

Mtaani walimwita Bibi Meli, naye jina hilo hakulikasirikia. Alikuwa fundi cherehani, ameshona sare za shule mpaka vidole vikapinda. Mumewe alipostaafu kazi ya posta, yeye naye aliuza cherehani zake, na tangu hapo wakawa wanapanda meli za utalii kila mwaka kama wenzao wanavyokwenda kuwasalimia wakwe. Wapo waliosema wana pesa za kuchezea. Mtu aliyewahi kushona sare za shule angelicheka maneno hayo mpaka apaliwe.

Bibi Meli alikuwa na sheria zake za safari, na hakuzipata kwenye matangazo. Alizipata kwa kutapika. Chumba kiwe katikati ya meli, tena chini, maana huko mawimbi hayakurushi sana. Juu yake pawe na vyumba vya watu waliolala kama wewe, si jiko wala ukumbi wa muziki, la sivyo utakesha ukisikiliza viti vikiburutwa. Kiwe karibu na lifti lakini kisitazamane nayo. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiingie kamwe kwenye sanduku linalobebwa na watu usiowajua. Chakula cha jioni ni zamu ya kwanza, meza ileile na mhudumu yuleyule, kwa sababu mtu aliyekula chumvi nyingi hana subira ya kumweleza mhudumu mpya kila siku kwamba yeye hali pilipili. Na kama meli inatia nanga mbali, watu wanashushwa kwa mashua ndogo, bandari hiyo waachie wenye magoti.

Halafu kulikuwa na kitambaa. Korido za meli ni ndefu na milango yake inafanana kama mapacha, na Bibi Meli alishawahi kuhangaika na mlango wa mtu mpaka mwenyewe akatoka na mswaki mdomoni. Tokea siku hiyo alifunga kwenye kitasa cha chumba chao kipande cha kitambaa chekundu, masalio ya sare za michezo. Ukikiona kile, umefika.

Mwaka huo kitambaa kilikuwa na kazi kubwa kuliko kawaida. Mumewe, ambaye kila mtu alimwita Posta, zamani alijua kwa kichwa namba za masanduku ya barua ya mji mzima. Ungemgusa usingizini angekutajia lako na la shemeji yako. Sasa alikuwa anasahau. Alianza na majina, akaja kwenye njia. Mara mbili alitoroka nyumbani akakutwa kwenye jengo la posta ya zamani, siku hizi duka la simu, akiwagombeza wauzaji kwa kuchelewa kufungua dirisha la stempu. Mara ya pili alikuwa ameacha jiko la gesi wazi.

Binti yao, mfamasia, ndiye pekee aliyeishi karibu, na ndiye aliyekata shauri.

"Mama, nimeongea na wale wa nyumba ya wazee. Chumba kipo."

"Mpeleke mumeo," Bibi Meli alimjibu, huku akiendelea kukunja nguo.

"Mama, kwa umri huo ni wa kukimbizana na mtu barabarani? Siku utaanguka wewe, nitawaokota wawili."

Walivutana kama watu sokoni. Hoja ya Bibi Meli ilikuwa moja. Kwenye meli Posta hapotei. Meza ni ileile, mhudumu ni yuleyule, saa ya chai haibadiliki, na safari iliyopita alikuwa anatoka mwenyewe kwenye ukumbi wa chakula mpaka chumbani. Kinachomchanganya ni mji huu unaobomolewa kila kukicha, si kichwa chake.

"Niache nisafiri naye," alisema. "Akienda na kurudi bila tukio, hatoki nyumbani kwangu mpaka mmoja wetu abebwe. Wala usinitajie tena hiyo nyumba."

"Na likitokea tukio?"

"Likitokea, utampeleka. Sitafungua mdomo."

Binti alikubali shingo upande. Naye Bibi Meli aliahidi upesi hivyo kwa sababu hakuamini kwamba litatokea. Hapo ndipo wajuzi wanapopotelea.

Mwanzo wa safari ulikuwa mzuri kiasi cha kutia huruma. Bibi Meli aliwatangazia wenzao wa mezani kwamba mzee ana uzito wa masikio. Kwa hiyo alipoulizwa kama amependa supu akajibu kuhusu barua za rejista, watu walitabasamu tu na kuongeza sauti. Baada ya chai ya asubuhi Posta alipenda kubaki kidogo akitazama maji, kisha anateremka mwenyewe kwa lifti, anaambaa na korido mkono ukigusa ukuta, akiona kitambaa chekundu anagonga.

"Karibu, mzee."

"Ahsante, mama. Nimekuta watu wachache leo."

Kila aliposikia kule kugonga, Bibi Meli alimjibu binti yake kimoyomoyo. Alikuwa ameshaanza kupanga atakavyomwambia, na kwa sauti gani, na kama atampa chai kwanza. Alifurahi sana, maskini.

Kilichomponza ni ualimu wake. Milango michache kabla ya wao walikaa mke na mume waliostaafu juzi, safari yao ya kwanza. Siku moja alimkuta yule mwanamke kwenye korido karibu alie, anachomeka kadi yake kwenye mlango usio wake. Kupita kimya hapo angeweza mwingine, si Bibi Meli. Alimshika mkono, akamkalisha chumbani kwake, akammwagia sheria zote: katikati, chini, mkoba, zamu ya kwanza, magoti. Mwanamke alisikiliza kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Dada, haya yote umejifunza wapi?"

"Kwa kutapika, mdogo wangu."

Walicheka. Kisha Bibi Meli alichukua mkasi wake mdogo, akafungua kitambaa kutoka kitasani, akakikata katikati, sawa kabisa, kifundi.

"Kifunge kwako. Hutapotea tena."

Wema usizidi uwezo, walisema wahenga, na wahenga hata meli hawakupanda. Yeye aliyekuwa akiangalia kila kitu, lifti na jiko na mawimbi, hakuona alichokifanya kwa mkasi wake mwenyewe. Alikuwa amefurahi kusikilizwa. Nyumbani hakuna aliyemsikiliza siku nyingi.

Kesho yake Posta alimaliza chai yake, akatazama maji, akateremka. Aliambaa na ukuta kama kawaida, akaona kitambaa chekundu. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu, msafishaji amekwenda kuchukua mashuka. Posta aliingia, akavua viatu, akavipanga vizuri chini ya kitanda, akajilaza.

Yule jirani alitoka bafuni na taulo moja tu mwilini, akakuta mwanamume kitandani. Akapiga ukelele. Posta naye akaona mwanamke asiyemjua ndani ya chumba chake, akainuka, akamshika mkono amtoe nje kwa adabu, ila kwa nguvu. Mwanamke aliteleza, mkono ukagonga kizingiti, mfupa ukalia.

Bibi Meli alisikia ukelele, na kabla hajafungua mlango alishajua. Alitoka, akatazama korido. Vitambaa viwili vyekundu, kimoja huku, kimoja kule, kingo zake zimekatwa sawasawa. Akakimbilia kile cha jirani.

Jirani yule, Mungu ampe heri, alifungwa bandeji huku akimtetea. "Mimi sina kesi na mzee. Nilishtuka tu. Kwa nini hukuniambia, dada? Ningekitupa baharini hicho kitambaa." Lakini meli haiendeshwi kwa msamaha wa majirani. Posta alipelekwa kwa daktari wa meli, mwanamke mpole aliyesogeza kiti karibu na kumuuliza bila haraka.

"Mzee, hapa tuko wapi?"

"Kazini."

"Na huyu mama aliyekaa hapa ni nani?"

Posta alimgeukia mkewe, akamtazama kwa heshima kubwa. Alitabasamu kama alivyowatabasamia watu dirishani maisha yake yote.

"Huyu ni mteja wetu wa miaka mingi," alisema. "Mhudumie vizuri."

Bibi Meli aliinamisha kichwa. Safari nzima alikuwa amewadanganya watu kuhusu masikio, na kumbe aliyekuwa hasikii ni yeye. Daktari aliweka kalamu chini. Kisha alieleza, kwa sauti ya chini, kwamba bandari inayofuata watashushwa, na kwamba nyumbani kwao kumeshapigwa simu.

Binti hakuringa. Simu ilipounganishwa alikuwa analia.

"Mama, sikutaka iwe hivi. Chumba bado kipo. Wanasema Jumatatu anaweza kuingia."

"Sawa."

"Mama, sema kitu."

"Nimesema sawa."

Asubuhi walishushwa na masanduku yao, wakakalishwa kwenye benchi gatini wasubiri gari la kuwapeleka uwanja wa ndege. Jua lilikuwa kali. Meli ilikuwa mbele yao, nyeupe, karibu mno. Abiria waliokwenda kutembea mjini walikuwa wanarudi na mifuko yao, wamechomwa na jua, wanacheka, wanapanga foleni chini ya ngazi.

Posta aliwatazama kwa muda. Kisha akasimama, akanyoosha shati lake, akaenda kusimama mwisho wa foleni.

Bibi Meli angeweza kumwita, au kumshika mkono amrudishe, kama alivyofanya mara nyingi barabarani kwao. Alijua vizuri kwamba ngazi ile si yao tena. Aliacha masanduku pale pale, akaenda akasimama nyuma yake. Posta aligeuka.

"Na wewe unapanda, mama?"

"Napanda."

"Basi tutakwenda pamoja. Kusafiri peke yako hakuna raha."

"Ni kweli," alisema Bibi Meli.

Foleni ilisogea, nao wakasogea. Nyuma yao dereva wa gari alikuwa ameshafika na anawatafuta kwa macho. Ilisogea tena. Walipofika mbele, mlinzi aliwaomba kadi zao, na Posta akaanza kujipapasa mifukoni, mmoja baada ya mwingine, bila wasiwasi wowote, akimwomba mlinzi radhi kwa kumchelewesha.