Kona ya Mkwe

Enzi zetu Tukuyu hapakuwa na mradi wa vijana, wala semina ya vijana, wala fulana zenye maneno ya kuwatia vijana moyo. Nadhani ndiyo maana mambo ya vijana yalifanyika. Haya nawaandikia wenzangu mliokunywa uji kwenye vikombe vya bati vilivyobanduka rangi, mkapanda kwenda shule ndani ya ukungu, mkafika mmelowa na mwalimu akawauliza kwa nini madaftari yamelowa. Wadogo zetu waendelee tu kutazama simu. Tukimaliza tutawaita.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Neno lilishuka kutoka Dar es Salaam kama dawa ya kikohozi, kila mtu akalinywa kwa ugonjwa wake. Ruksa kuuza mitumba, ruksa kufungua duka sebuleni, ruksa kukusanya watu kwenye kibanda cha video na kukiita sinema. Duka la ushirika, ambalo lilikuwa na sabuni kwa wenye bahati na kaunta tupu kwa sisi wengine, lilifungwa, na mlangoni pake akakaa mama mmoja mwenye meza iliyojaa sabuni za kila rangi. Watu wazima walisema uchumi umefunguliwa. Sisi tulichokiona kikifunguliwa ni marobota.

Pamoja na mitumba zikaja baiskeli. Fundi Shaabani, ambaye babu yake alitoka pwani na kuapa kurudi baridi ikizidi (ilizidi, hakurudi), alizileta kutoka Mbeya zikiwa zimechoka, akazifufua, akawa anatukodisha jioni baada ya shule. Tulikuwa wafupi kuliko siti, kwa hiyo tulipenyeza mguu chini ya mtaimbo wa fremu na kuendesha tukiwa tumepinda kama kaa. Breki zilikuwepo kwa heshima tu. Ukitaka kusimama, unakandamiza kandambili kwenye gurudumu la nyuma, na jioni unamweleza mama kwa nini kandambili moja imekuwa nyembamba kuliko nduguye.

Tatizo lilikuwa pa kuendeshea. Barabara ya lami ilikuwa mali ya malori ya makaa ya mawe kutoka Kiwira, na madereva wake waliamini honi ni aina ya breki. Siku moja lori lilimtupa Lusajo mtaroni, na Fundi Shaabani akafunga biashara.

"Sitoi tena baiskeli kwa mtu wa barabarani," alisema. "Ukifa, mama yako atalia. Baiskeli yangu nani ataililia?"

Lusajo alikuwa mkubwa wetu, na alikuwa na elimu ya juu: aliwahi kuona picha ya mashindano ya baiskeli kwenye karatasi iliyofungiwa maandazi. Akachora njia yetu chini kwa kijiti. Mstari mmoja mnyoofu kutoka juu hadi chini, na mwishoni kichuguu cha kurukia. Mnyoofu, alisisitiza, kwa sababu bila mwendo huruki.

Mteremko ulioufaa mstari huo ulikuwa Bulyaga, kwenye migomba ya Mzee Gwakisa, inayoshuka kutoka barazani kwake hadi kijitoni. Tulimkuta ameketi kwenye kigoda chake, pale alipoketi tangu asubuhi hadi giza.

"Babu, tunaomba ruksa ya kupita shambani na baiskeli."

"Luksa," akasema. "Kwani nani amewahi kukatazwa kupita?"

Kesho yake akaenda Masukulu kwenye msiba wa ndugu, akakaa huko wiki nzima. Nasi, raia watiifu wa enzi ya ruksa, tukachukua majembe na mapanga.

Sijawahi kufanya kazi namna ile tena. Udongo wetu ule mweusi ukiuchimba unanukia kama chungu kipya kilichotiwa maji. Wavulana walikata na kuchimba huku wakiamrishana. Sisi wasichana tulipewa heshima ya kubeba udongo kwenye madebe ya mafuta, na tukaahidiwa kutazama. Mama zetu walituletea mbalaga, ndizi za kupika za moto zinazochoma vidole, tukala kwenye majani ya mgomba na mikono yenye matope, na hakuna aliyeumwa tumbo. Leo mtoto akigusa mchanga anapakwa dawa. Mwishoni mwa wiki njia ilikuwa imenyooka kama rula. Lusajo alishuka wa kwanza, akaruka kichuguu, akatua. Ukelele tuliopiga, nadhani walioko sokoni walisimamisha mizani.

Mzee Gwakisa aliporudi, tulijipanga kupokea pongezi. Alisimama, akaitazama njia, akaingia ndani na kufunga mlango. Hakufoka. Kesho yake hakutoka. Keshokutwa vilevile. Kigoda kilikaa barazani peke yake.

Tulielewa pale Tumpe alipotufuata. Alikuwa mke wa mtoto wa mwisho wa mzee, na nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa shamba. Ninyi wa nyumbani mnajua, lakini niwakumbushe waliosahau kwa makusudi: kwa Wanyakyusa mke hamwoni baba mkwe wake, wala yeye hamwoni. Wakikaribia kukutana, mmoja anaingia migombani. Ndiyo heshima yenyewe. Njia ya Tumpe ya kwenda kuteka maji ilipita nyuma ya safu ya migomba, na safu hiyo ndiyo tuliyoifyeka kwa ajili ya maendeleo. Sasa baraza ilimwona Tumpe tangu mlangoni kwake hadi majini. Kwa hiyo mzee alijifungia ili asimwone mkwe, na mkwe, ambaye hakujua kama mzee amejifungia, alizunguka kupitia sokoni na ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Watu wawili wanakwepana kwa adabu, na sisi tumewaharibia shamba na miguu.

"Ninyi mna magurudumu," Tumpe alituambia. "Mimi nina miguu hii."

"Dada Tumpe, si uinamishe kichwa upite tu?" Lusajo akasema. "Siku hizi ruksa."

"Gwe Lusajo, mama yako alipita mbele ya babu yako kichwa chini?"

Lusajo akakuna kisigino.

"Na hiyo ruksa yako," akaendelea, "nani aliitoa mzee asikae barazani kwake?"

Tukaenda kuomba radhi. Mzee alizungumza kutoka ndani, dirisha likiwa wazi upana wa kiganja.

"Niliwapa luksa ya kupita. Kupita ni kwenda na kuondoka. Hiki kitu chenu kimekaa. Jumamosi kisiwepo, au nitapanda magimbi."

Basi tukagombana kama bunge. Lusajo na wenzake walitaka Tumpe abadilishe njia, maana yeye ni mmoja na sisi ni wengi, hoja iliyokuwa kwenye mtindo mwaka ule. Tumpe hakungoja tupige kura. Alikuja na jembe na machipukizi ya migomba, akayapanda katikati ya mstari wetu mnyoofu. Kisha akaburuta kisigino chake ardhini, akachora mpindo mkubwa unaopita upande wa juu wa shamba na kurudi chini.

"Hapo mnapita," akasema. "Mimi napita nyuma."

"Kona itaua mwendo," Lusajo akalia.

"Itawabakiza nyinyi."

Hapo ndipo ilipofahamika kwamba anayebeba udongo ndiye anayeamua njia inakwenda wapi. Sisi wasichana tulijaza madebe tukamwaga pale kisigino kilipopita. Na kabla ya debe la mwisho tukasimama, tukasema hatumwagi mpaka na sisi tuendeshe. Wavulana walituita wasaliti. Tukakaa juu ya madebe. Walikubali. Hiyo ndiyo ruksa pekee ya miaka ile niliyoiona ikinifikia.

Machipukizi hayafichi mtu kwa siku moja, kwa hiyo tulisimika mianzi na kutundika magunia ya marobota yenye maandishi ya Ulaya. Jumamosi mzee alifungua mlango, akayatazama yale maandishi, akaketi kwenye kigoda chake. Nyuma ya magunia ndoo ilisikika ikipita. Mzee akakohoa, ili mkwe ajue yupo. Ndoo ikaenda taratibu.

Kona ile ilitufundisha kuendesha. Asiyejua kukandamiza kandambili aliishia migombani, na Lusajo, bingwa wa mstari mnyoofu, aliishia huko kuliko wote. Jioni moja Tumpe alituomba baiskeli, akafunga khanga vizuri, akashuka, akaikata kona bila kugusa jani. Mzee hakuweza kumwona, ila alisikia gurudumu.

"Nani huyo anayeendesha vizuri?" aliuliza.

Tukainamia minyororo ya baiskeli. Naye hakuuliza tena.

Mwaka huu nilirudi Bulyaga. Kuna kibao kikubwa kinachotangaza uwanja wa kisasa wa baiskeli kwa vijana, na chini yake vijana wamekaa kivulini wakimsubiri mfadhili. Niliwauliza kwa nini hawachimbi. Wakanitazama kwa huruma ile mtu anayomtazamia bibi. Njia itakuwa nyoofu, wakaniambia, wataalamu wameshaona kwamba kona ya zamani ilikuwa kosa. Mmoja alinionyesha ramani kwenye simu, nzuri sana, ina rangi. Siku hizi baba mkwe na mkwe wako kundi moja la simu, wanatumiana picha za keki, na hakuna anayemkwepa mwenziwe wala anayejua mwenziwe ameamkaje.

Tumpe nilimkuta migombani, kichwa kimejaa mvi. Mzee Gwakisa alishazikwa zamani. Nikamwuliza kama kona ikiondolewa atasikitika, maana sasa hana wa kumkwepa, anaweza kupita mbele ya baraza atakavyo.

"Nilijaribu mara moja," akasema, akichuma majani makavu. "Nikajiona kama sina mkwe."

Akajitwisha ndoo, akapita nyuma.