Siku ya Gesi na Mapazia

Siku hiyo tulikuwa nyumbani mimi, mdogo wangu anayesomea uhandisi, kitindamimba wetu anayepaka maharusi hina, na mama wa jirani, ambaye hakualikwa. Mwalimu wa chuo naye alikuwepo, ingawa kichwa na mabega tu, ndani ya kompyuta.

Shughuli ilikuwa ya mhandisi wetu. Mwalimu alitaka kumsikiliza aeleze kazi yake ya mwisho. Akiridhika, msichana angesimama mbele ya watahini na kumaliza chuo pamoja na wenzake. Asiporidhika, angerudia mwaka. Umeme wa bwenini kwao ulikuwa hautabiriki, kwa hiyo alikuja nyumbani, Mji wa Kale, na mimi nikaomba ruhusa kazini Shimanzi. Niliacha shule mapema wazazi walipofariki, nikaingia kwenye maghala kubeba magunia, na sasa nawasimamia wabebaji. Kuhusu gesi, najua kubadilisha mtungi.

Lakini kazi yake nilikuwa nimeisikia jikoni hadi nikaizoea. Chini kabisa ya ardhi kuna tabaka za makaa ya mawe, na ndani yake gesi imenata. Maji yaliyo humo ndiyo yanayoibana. Ukichimba kisima ukayavuta maji, mbano unalegea, gesi inaachia makaa na kupenya kwenye nyufa hadi juu. Yeye hachimbi. Anatengeneza hesabu kwenye kompyuta inayoigiza kisima, ili watu wajue kitatoa kiasi gani na kwa muda gani kabla hawajamwaga mali yao shimoni.

"Na mkikosea?" nilimuuliza siku moja.

"Kaka, tukikosea, kisima kinatuumbua."

Mwaka uliopita kilimuumbua kweli. Mwalimu alimpa takwimu za visima vya nchi za mbali, na hesabu yake ikasema gesi imekwisha wakati visima vyenyewe bado vinatoa. Alikuwa ameyachukulia mawe ya udongo ulioshikana, yaliyo juu na chini ya makaa, kuwa ni dari na sakafu tu. Kumbe nayo yana gesi. Akarudi mezani, akaandika hesabu upya.

Asubuhi ya siku yenyewe kitindamimba alichungulia kwenye kompyuta kuona mwalimu ataona nini nyuma ya dada yake.

"Ataona mapazia haya? Bora aone ukuta."

Basi tukayashusha, tukayafua, tukayaanika dirishani. Hapo ndipo tulipokosea. Katika kichochoro chetu mapazia hufuliwa kwa Idi, au wakija wageni wa posa. Idi ilikuwa imepita. Na mimi siku ya kazi niko nyumbani, napiga zulia vumbi. Mama wa jirani, ambaye dirisha lake linatazamana na letu, alijumlisha.

Mapazia yalikuwa yamesharudi mahali pake na kompyuta iko mezani alipoingia na chetezo kinachofuka moshi mkono mmoja na bakuli la haluwa mkono wa pili.

"Salaam aleikum. Hata mimi mwanifita? Mimi niliyewaogesha?"

"Aleikum salaam, mama. Hatukufichi kitu. Ni mwalimu wa huyu tu."

"Mwalimu! Kazi nzuri hiyo. Ana mke?"

"Mama, anakuja kumuuliza mambo ya masomo."

"Waanza hivyo hivyo. Yuaja saa ngapi?"

"Haji. Yuko kwenye kompyuta."

Akaketi. "Haya. Siku hizi hata posa zaja kwa umeme."

Kitindamimba alikuwa amejiziba mdomo kwa leso, mabega yanatikisika. Hapo hapo kompyuta ikalia na mwalimu akatokea. Mama wa jirani alijifunika vizuri, akamfukizia moshi kwa adabu.

Mwalimu akasogeza uso. "Huko ndani kunaungua?"

"Ni udi, mwalimu. Jirani yetu ametukirimu."

"Amekonda," mama wa jirani akaninong'oneza. "Lakini apendeza."

Mwalimu aliangalia michoro ya mdogo wangu, kisha akasema mistari miwili, wa hesabu na wa visima, imelala pamoja vizuri mno. "Mwaka jana haikufanana. Nitajuaje hukuongeza gesi kwenye mawe ya udongo mpaka ikafanana?"

Namjua mdogo wangu: anapoogopa, anakunja vidole vya miguu. Nilivitazama chini ya meza, vimekunjika. Kisha akamnyang'anya kitindamimba leso yake.

"Mwalimu, leso hii ndiyo makaa. Imeshika moshi. Nikiikung'uta dirishani harufu itatoka, halafu itaisha. Lakini chumba kitanukia hata kesho, kwa sababu mapazia nayo yameunywa. Yanautoa polepole, tena baadaye, leso ikishapungukiwa. Mwaka jana nilihesabu chumba kisicho na mapazia."

"Mfano mzuri," mwalimu akasema. "Lakini mfano si ushahidi."

"Ushahidi ninao. Nilipanga hesabu kwa takwimu za mwanzo tu. Za miaka ya mwisho nilizifunika, sikuzigusa. Hesabu ikaenda ikazikuta yenyewe. Nikiyafuta mawe ya udongo, mstari unaanguka mapema kama mwaka jana. Michoro yote miwili iko ukurasa unaofuata."

Mwalimu alifungua ukurasa, akakaa nao. Chumbani hakuna aliyekohoa, na moshi ule ulitaka watu wakohoe. Mwishowe akasema gesi ya mawe ya chini bado imekadiriwa kwa ukarimu, aipunguze, kisha ajiandae kwa watahini.

"Amekubali?" mama wa jirani akauliza.

"Amekubali, mama!"

Alipiga kigelegele ambacho nina hakika kilisikika chuoni bila msaada wa mtandao. Mwalimu alicheka, akashukuru, akatoweka.

Ilibidi tumweleze jirani taratibu kwamba hakuna harusi. Hakukasirika. Alikula haluwa yake pamoja nasi, akaenda zake na chetezo.

Bakuli lilibaki. Kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, kwa hiyo kesho yake nililijaza mahamri nikavuka kichochoro. Aliyatoa mahamri, akanirudishia bakuli kifuani.

"Hili lilikuja kwa posa, mwanangu. Litarudi na wali wa harusi."

"Msichana bado anasoma, mama."

"Nani aliyemtaja yeye? Wewe wasoma nini?"

Mdogo wangu amemaliza chuo sasa. Bakuli bado liko kabatini kwetu, na wali wake sijaulipa. Mapazia yanahitaji kufuliwa, lakini sithubutu.