Niliikata Plasta ya Mwanangu kwa Mkono Wangu

Wenzangu, nimekosa, na wa kulaumiwa kwanza ni mimi. Someni, kisha mnitukane mkitaka.

Mimi ni mchuma chai huku upande wa Mogogosiek. Binti yangu Moraa, wa darasa la tatu, aliteleza mtaroni akavunjika mkono. Hospitalini Bomet walimpiga picha, wakaurudisha mfupa mahali pake, wakamfunga plasta. "Wiki sita, Mama. Itamwasha, lakini msiguse," daktari akaniambia.

Wiki ya tatu mtoto akawa analia mwasho kutwa. Jirani yangu Mama Chebet, ambaye tunachuma mistari inayopakana na kuomba pamoja kila Alhamisi, akaja kumwona. Marehemu mama yake alikuwa akiunga mifupa, naye hujisifu kwamba ameirithi kazi hiyo.

"Mama Moraa, hii kitu itaozesha mtoto mkono! Toa, mimi nitamkanda na mafuta nimfunge na vijiti. Wiki moja tu!"

Nikamwamini! Niliilowesha plasta, nikaikata kwa kisu cha kupogolea chai. Mama Chebet akakanda, Moraa akapiga mayowe.

"Nyamaza, ni mfupa inarudi."

Inarudi wapi, jamani! Mfupa ulikuwa umeanza tu kushikana, bado laini, nasi tukausogeza. Kisha akamkaza vijiti kwa mpira wa baiskeli. Kesho yake vidole vilikuwa vimevimba, vya baridi, na hata nikivifinya mtoto hasikii.

Nikamkimbiza Bomet. Kabla hatujafika Mama Chebet akapiga simu: "Tafadhali usitaje jina yangu. Sema plasta ilianguka." Nami, mjinga mimi, nikamwambia daktari hivyo hivyo!

Moraa akaniangalia. "Si ni wewe ulikata, mama?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Walimpasua wakamtia chuma. Vidole vilipona, ila kiganja hakigeuki juu. Mtoto wangu hawezi kukinga maji ya kunawa kwa mkono huo.

Nilidhani Mama Chebet atakuja tulie pamoja. Thubutu! Aliwaambia kina mama wa kanisa kwamba nilimtoa mtoto plasta ili anisaidie kuchuma chai. Wengine mpaka leo hawanisalimii. Nilipomwendea, akanikazia macho: "Mimi niligusa mtoto wako lini?"

Lo! Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu nilimwombea mimba yake ya mwisho nikiwa nimepiga magoti!

Kina mama, plasta ikiwasha, vumilieni. Vidole vikivimba au vikipoa, rudini hospitali saa hiyo hiyo, si kwa jirani. Na daktari akiuliza, semeni kweli, maana mtoto yuko hapo anasikia. Wangu siku hizi akipangiwa kliniki huomba apelekwe na baba yake.

"Mama ataenda kudanganya daktari," anasema.