Darasa la Tarehe Mosi Januari

Mwalimu wetu wa usalama wa kompyuta alikuwa na wiki mbili tu Garissa, na bado alitembea na chupa mbili za maji. Siku hiyo alitaka kutuonyesha jinsi wadukuzi wanavyoifanya bahati iwatumikie. Darasani tulikuwa arobaini.

"Nina hakika karibu kamili," alisema, "hapa wapo wawili waliozaliwa tarehe moja."

Nikabisha. Siku za mwaka ni mia tatu sitini na tano, sisi arobaini, zitagonganaje? Akatabasamu, akaanza kuuliza benchi la mbele.

"Mosi Januari," akasema wa kwanza.

"Mosi Januari," wa pili.

Wa tatu alicheka kabla ya kujibu. Aliponifikia, nami nikataja tarehe hiyohiyo, maskini alibaki ameduwaa na chaki mkononi. Ikabidi nimweleze: "Mwalimu, wengi wetu tulizaliwa malishoni, mwaka wa mvua fulani. Siku ya kitambulisho karani ndiye aliyetuchagulia tarehe."

Kesho yake alirudi amejipanga. Kila mmoja aliiamuru simu yake imchagulie namba, kuanzia moja hadi mia tatu sitini na tano. Nikapata mia mbili na kumi na mbili. Kijana wa Buna, nyuma kabisa, naye akapata mia mbili na kumi na mbili. Darasa zima likanigeukia.

"Wewe unahesabu watu," mwalimu akaniambia, akifurahi waziwazi. "Hesabu jozi. Watu arobaini ni jozi mia saba na themanini."

Kisha akaeleza. Kompyuta huipa kila hati alama fupi, mfano wa alama ya kidole, na ukisaini, unachosaini ni alama hiyo. Tapeli hahangaiki kusaka hati ya kufanana na ile uliyokwisha kuitia sahihi. Huandaa barua njema nyingi na mbovu nyingi, akigeuza koma hapa, neno pale, mpaka njema moja na mbovu moja ziangukie alama moja. Unasaini njema, naye anaihamishia sahihi yako kwenye mbovu. Alama zikiwa milioni moja, barua elfu chache zinamtosha.

Niliyaandika yote na sikuelewa. Nyumbani Waberi nikamsimulia shangazi, ninayemwita eeddo, na yeye huniita hivyohivyo.

"Karo yote ile kwa jambo hilo?" akasema, akikunja nguo. "Eeddo, mimi nikienda harusini huogopa kukuta mwanamke aliyevaa dirac kama yangu. Sijawahi kumkuta. Lakini ni harusi gani umeona wanawake wawili wasivae sare bila kupanga? Si lazima mmoja wao awe mimi."

Alikuwa amesema kwa pumzi moja kilichomchukua mwalimu siku mbili. Kumtafuta anayefanana na wewe ni kazi. Wawili wowote kufanana ni jambo la kawaida.

"Na huyo tapeli wenu," akaongeza, "angekuja harusini na magauni hamsini kwenye begi, avae moja moja. Angefanana na mtu kabla ya chai."

Kwenye mtihani nikaiandika harusi, pamoja na magauni ya kwenye begi. Nilipata alama zote. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mwalimu alikuwa ameandika: "Safi sana. Dirac ni kitu gani?"